Maili si akiba, na hadhi si maili

Watu wanaoniuliza kuhusu pointi za ndege, yaani maili, huanza karibu wote na swali moja: nijiunge na mpango wa shirika gani? Si swali baya, ila limewahi mno. Kabla yake kuna jingine: unatafuta tiketi ya kukata kwa maili, au unatafuta hadhi, yaani kuhudumiwa vizuri zaidi kwenye tiketi unayolipia? Hayo ni mambo mawili tofauti. Yanakaa kwenye akaunti moja, chini ya namba moja ya uanachama, na mashirika hayana haraka ya kukueleza tofauti yake, kwa sababu msafiri anayeyachanganya ndiye anayewapa faida.

Mwanachama wa British Airways, kwa mfano, kila safari humwingizia Avios, ndilo jina la maili zake, ambazo hununua viti. Humwingizia pia pointi za hadhi, ambazo hazinunui kitu chochote. Kazi yake ni kumpandisha ngazi: Bronze, Silver au Gold. Flying Blue, mpango wa Air France na KLM, una maili upande mmoja na pointi za hadhi zinazoitwa XP upande wa pili. American Airlines wana maili, na za hadhi wanaziita Loyalty Points. Ukitumia maili zako zote leo, hadhi yako haishuki hata kidogo. Nalitilia mkazo hili kwa sababu nimekutana na watu waliozikalia maili zao miaka na miaka wakiogopa kuporomoka ngazi. Na pointi za hadhi nazo haziwekeki. Mwaka wa mpango ukiisha, hesabu kwa kawaida huanza upya kutoka sifuri. Flying Blue huruhusu XP za ziada zivuke kwenda mwaka unaofuata, lakini huo ni ukarimu wa wachache.

Mipango hii ilizaliwa Marekani. Sheria ya mwaka 1978 iliondoa mkono wa serikali kwenye upangaji wa nauli na njia, mashirika yakaanza kugombania abiria, na tarehe 1 Mei 1981 American Airlines wakazindua mpango wao, AAdvantage. Wanachama wa mwanzo walipatikana kwa kuichambua kompyuta ya booking iliyoitwa Sabre, wakitafutwa watu ambao namba zao za simu zilikuwa zikijirudia. United wakafuata siku chache tu baadaye. Kwa miaka mingi hesabu ilikuwa nyepesi: ukiruka maili elfu moja, unapata maili elfu moja. Aliyepata tiketi ya bei chee na aliyelipa mara tatu yake walishuka na karibu maili zile zile.

Zama hizo zimekwisha kwenye mashirika mengi makubwa. Delta na United walianza mwaka 2015 kuhesabu pesa ulizolipa badala ya umbali ulioruka, American wakafuata 2016, Flying Blue 2018. Katika Flying Blue mwanachama wa kawaida hupata maili 4 kwa kila euro, wa Platinum hupata 8. British Airways walikwenda mbali zaidi: tangu tarehe 1 Aprili 2025 hata hadhi huhesabiwa kwa pauni, na Gold inadai pointi 20,000, pointi moja kwa pauni moja. Kabla ya hapo Gold ilikuwa pointi 1,500, zikihesabiwa kwa umbali na daraja, na wajanja walikuwa wakizikusanya kwa tiketi nafuu za daraja la biashara zenye viunganishi vingi, yaani kubadilisha ndege njiani. Mlango huo umefungwa.

Kwa hiyo niseme wazi ninachoamini: kama unajilipia tiketi mwenyewe na unapanda ndege mara chache kwa mwaka, usimchague mtoa huduma kwa ajili ya maili. Kata tiketi yenye bei na saa zinazokufaa, kisha ndipo uulize maili zake ziende wapi. Tiketi iliyokuzidishia dola 80 ili upate maili elfu mbili imekuuzia maili hizo kwa senti nne kila moja, bei inayozidi ile ambayo mashirika mengi hukutoza yakikuuzia maili moja kwa moja.

Maili zenyewe ni nini? Ni sarafu inayochapishwa na kampuni, na kampuni hiyo hiyo ndiyo inayopanga bei ya bidhaa pekee inayonunuliwa kwa sarafu hiyo. Mwaka 2020, viwanja vya ndege vilipokuwa vitupu, tuliona jinsi sarafu hii ilivyo na nguvu kwa anayeichapisha. United waliweka mpango wao wa MileagePlus rehani wakakopa mabilioni ya dola, na tathmini waliyoitoa iliufanya mpango uwe na thamani ya karibu dola bilioni 22, kubwa kuliko thamani ya hisa zote za shirika lenyewe kwa wakati ule. Delta nao walikopa dola bilioni 9 kwa dhamana ya mpango wao wa SkyMiles. Mapato yanatoka wapi? Sehemu kubwa ni benki, zinazonunua maili kwa wingi na kuwagawia wateja wa kadi zao.

Sarafu inayochapishwa kwa wingi hivyo hupungua nguvu, na hapungui nayo aliyeichapisha. Unapungukiwa wewe uliyeishika. Zamani kulikuwa na jedwali: bara hili hadi bara lile ni maili kadhaa, basi. Delta waliliondoa jedwali lao 2015, United 2019, na siku hizi mipango mingi bei ya kiti kwa maili hupanda na kushuka kama nauli ya pesa taslimu. Maili zilizokaa ni kama mahindi ghalani yaliyoingiwa na fukusi: gunia linaonekana limejaa vile vile, lakini ndani linaliwa. Akaunti yako itaendelea kuonyesha 60,000. Kilichobadilika ni kile ambacho 60,000 inanunua. Ndiyo maana sikubaliani na ushauri wa kuweka maili kwa ajili ya ile safari kubwa ya siku moja. Ukiwa na za kutosha safari unayoihitaji, zitumie.

Zitumie vipi, hilo ndilo lenye utamu. Kipimo changu cha kwanza ni hesabu ya darasa la nne. Chukua bei ya tiketi kwa pesa, toa kodi na ada utakazolipa ukitumia maili, kilichobaki gawanya kwa idadi ya maili. Tiketi ya dola 600 inapatikana kwa maili 25,000 na ada ya dola 150: faida ni 450, kila maili imekupa senti 1.8. Hapo ningekubali bila kufikiri mara mbili. Ikinipa senti 0.6 nalipa pesa na kuziacha maili zingoje. Kumbuka pia kwamba tiketi ya maili kwa kawaida haikuingizii maili, kwa hiyo toa kidogo kwa hasara hiyo.

Hesabu hii ina mtego mmoja, na watu wanaojisifu mitandaoni huuruka makusudi. Kiti cha daraja la biashara kinauzwa dola 4,000. Wewe umekipata kwa maili 90,000 na ada ya dola 400. Ukigawanya unapata senti nne kwa maili, ushindi mkubwa. Lakini je, ungewahi kulipa dola 4,000? Kama kwa kiti kile usingetoa zaidi ya 1,300, faida yako halisi ni 900, yaani senti moja kwa maili. Sisemi usipande. Kulala kitanda kilichonyooka usiku kucha ni raha, na raha ina bei yake. Nasema tu usijidanganye kwamba umepata dola 3,600.

Ada nayo ichunguzwe. Baadhi ya mashirika hubandika juu ya tiketi ya maili tozo wanayoiita ya mafuta au ya shirika, ambayo si kodi ya serikali yoyote. British Airways na Emirates wanajulikana kwa tozo nzito kwenye safari ndefu. United hawaibandiki kwenye tiketi zao za maili hata ukipanda ndege ya mshirika. Kwa hiyo kiti kile kile, kwenye ndege ile ile, kinaweza kuwa na ada ndogo ukikikata kupitia mpango mmoja na mamia ya dola ukikikata kupitia mwingine.

Na hapa ndipo penye siri ambayo si siri: shirika unalopanda na mpango unaoweka maili si lazima viwe kitu kimoja. Mashirika makubwa yamejifunga katika miungano mitatu. Star Alliance ilianzishwa 1997, oneworld 1999, SkyTeam 2000. Ukipanda Ethiopian unaweza kuingiza maili zako Turkish, Singapore, United au mwanachama mwingine wa Star. Ukipanda Royal Air Maroc unaweza kuziingiza Qatar Airways, maana wote wako oneworld. Kinachotakiwa ni namba moja tu kwenye booking, na unaweza kuibadilisha hata kwenye kaunta.

Kwa nini ujisumbue? Kwa sababu ya herufi moja ndogo kwenye tiketi. Kila nauli ina herufi ya daraja la booking: Y, B, M, na kuendelea hadi zile za ofa. Kwa mpango wa shirika lenyewe siku hizi mara nyingi unalipwa kwa pesa ulizotoa. Kwa mpango wa mshirika, mara nyingi bado unalipwa kwa umbali, ukizidishwa kwa asilimia ya herufi hiyo. Herufi moja inaweza kukupa asilimia 100 mpango huu, 50 mpango ule, na sifuri wa tatu. Abiria wawili wamekaa bega kwa bega, tiketi zao bei sawa. Mmoja anashuka na maili elfu nne, mwingine hana hata moja. Jedwali hizi ziko wazi kwenye tovuti ya kila mpango, sehemu ya mashirika washirika. Ni dakika tano za kusoma, na sijaona dakika tano zenye malipo bora kuliko hizo katika mchezo huu wote. Angalia tu kama ndege inaendeshwa na shirika lililokuuzia tiketi au na jingine, kwa kuwa hapo kanuni hubadilika.

Ila usizitawanye. Maili 3,000 hapa, 5,000 pale na 2,000 kule hazikupeleki popote. Chagua mpango mmoja katika muungano unaoupanda zaidi, labda na wa pili wa akiba, basi. Avios ni mfano mzuri wa sarafu isiyokwama: British Airways, Iberia, Aer Lingus, Qatar Airways na Finnair wote wanaitumia, na unaweza kuzihamisha kati ya akaunti zako. Penye nafasi ya familia kuchangia chungu kimoja, ichukue. British Airways na Emirates wote wanayo, na maili za watoto, ambazo peke yake zingeoza, zinageuka kiti cha mtu mmoja.

Kuhusu kutafuta viti sina mengi, ila haya. Mashirika mengi hufungua ratiba kati ya siku 330 na 360 kabla ya safari, na viti vya maili huonekana zaidi mwanzoni kabisa, au siku za mwisho shirika linapoona kiti hakitauzika. Katikati ni ukame. Tovuti ya mpango wako ikishindwa kuonyesha viti vya mshirika, tafuta kwenye tovuti ya mwanachama mwingine wa muungano. Viti ni vile vile, dirisha tu ndilo tofauti. Flying Blue hutoa punguzo la njia maalumu kila mwezi, wakati mwingine hadi nusu ya maili. Na jambo ambalo watu wengi hawalitumii: kwa tiketi zao nyingi za maili, American na United hukurudishia maili bila faini ukifuta kabla ya ndege kuondoka. Basi kata mapema, uendelee kutazama bei ya pesa, na ikishuka ufute. Ni nadra tiketi ya pesa ya bei nafuu kukupa uhuru huo.

Sasa hadhi. Hapa nina ukali kidogo, nivumilieni.

Hadhi ni nzuri kwa mtu ambaye angesafiri hata kama isingekuwepo. Kwa wengi maana yake ni mtu anayesafirishwa na kazi. Faida zake ni za kweli. Star Alliance Gold hukupa launji, ule ukumbi wa kupumzikia uwanjani, hata ukiwa na tiketi ya daraja la uchumi, kaunta ya kipaumbele, na kilo 20 za ziada au begi moja zaidi, kwa mashirika yote ya muungano. Elite Plus ya SkyTeam na Sapphire ya oneworld zinakaribiana nayo. Ngazi za chini, kama Ruby ya oneworld, nazipima kwa jicho kavu: foleni fupi kidogo, kiti kizuri kidogo. Faida ambayo haiandikwi kwa herufi kubwa ndiyo kubwa kuliko zote: mambo yakiharibika. Niliwahi kukwama kwenye kiunganishi usiku ndege ilipofutwa, foleni ya abiria ikazunguka ukumbi mzima. Namba ya simu ya wanachama wa ngazi ya juu ilipokelewa mara moja, na nikapata kiti cha asubuhi kabla foleni haijasogea hatua mbili. Launji ina supu na viti laini. Simu ile ndiyo hadhi.

Lakini kuna watu wanaonunua hadhi kwa safari wasizozihitaji. Desemba inakaribia, pointi zimepungua kidogo, na mtu anakata tiketi ya kwenda na kurudi siku hiyo hiyo ili asipoteze kadi ya dhahabu. Kabla hujafanya hivyo, kaa na karatasi. Mwaka ujao una safari ngapi za uhakika? Begi la ziada lingekugharimu kiasi gani kila safari, na kuingia launji kwa kulipia mlangoni ni kiasi gani? Zidisha. Kama jumla haifiki bei ya tiketi ile ya kukimbizia pointi, acha ngazi ishuke. Haina aibu. Rafiki yangu mmoja hukasirika nikimwambia hivi, na kila mwaka hunionyesha kadi mpya kana kwamba ni cheti cha shahada.

Kama utaikimbiza, ikimbize mapema. Hadhi nyingi hudumu tangu siku uliyoipata hadi mwisho wa mwaka wa mpango unaofuata, kwa hiyo anayeipata mwezi wa tatu huifaidi muda mrefu kuliko anayeipata dakika za lala salama. Mwaka wenyewe si lazima uwe Januari hadi Desemba: British Airways huhesabu kuanzia 1 Aprili, American kuanzia 1 Machi, na Flying Blue kila mwanachama ana mwaka wake, unaoanza upya akipanda ngazi. Soma pia vighairi. Wanachama wa Star Alliance Gold kupitia United, kwa mfano, hawapati launji kwa hadhi hiyo pekee wakisafiri ndani ya Marekani, ilhali mwenye Gold ya shirika la nje anaingia launji ya United bila swali. Nauli za chini kabisa nazo, zile zisizo na begi, wakati mwingine hukunyima begi hata ukiwa na kadi.

Ipo njia ya mkato: mashirika mengine, hasa yanapotaka kunyang'anya wateja, hukubali kuitambua hadhi uliyonayo kwa mshindani na kukupa inayolingana nayo kwa miezi michache, bure au kwa ada. Mara nyingi fursa hiyo hutolewa mara moja kwa miaka kadhaa. Usiiombe mwezi ambao huna safari.

Kadi za benki zenye maili zina faida kwa anayelipa deni lote kila mwezi. Riba ya mwezi mmoja humeza maili za mwaka. Kununua maili kutoka kwa shirika, hata wakitangaza nyongeza ya asilimia 100, nakubali pale tu kiti kinapoonekana kwenye skrini na hesabu imekubali. Kununua kwa mtu binafsi ni marufuku karibu kila mpango, na akaunti hufungwa pamoja na kila kilichomo.

Mwisho ni daftari, maana mali bila daftari hupotea bila habari. Tunza pasi ya kupandia ndege na namba ya tiketi hadi maili ziingie. Namba hiyo ina tarakimu 13, tatu za mwanzo zikiwa za shirika: 071 ni Ethiopian, 176 ni Emirates. Zisipoingia, dai mapema, maana mipango mingi hufunga mlango baada ya miezi 6 hadi 12. Andika pia tarehe za kuisha. Maili za Singapore Airlines hufa baada ya miaka 3 hata ukisafiri kila wiki, na za Emirates vivyo hivyo, kufikia mwisho wa mwezi uliozaliwa. Avios za British Airways hufa baada ya miezi 36 bila shughuli yoyote kwenye akaunti, za American baada ya 24. Kwa hizi za aina ya pili huhitaji hata kupanda ndege: kuweka hoteli au gari la kukodi kupitia mshirika wao, na pointi chache zikaingia, kunaipa akaunti nzima muda mpya. Maili za Delta na United hazina tarehe ya kufa, kwa hiyo hizo ndizo za kutumia mwisho kama una zaidi ya mfuko mmoja.